Mwalimu Akihamishwa, Tubishe Mlango Upi?



Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Baada ya hapo TSC ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Mwalimu aliyehofia roho yake simlaumu. Lakini madarasa yalibaki matupu, na pengo kama hilo wazazi huliziba kwa kuchanga wamlipe kijana aliyemaliza fomu foo juzi tu. Ana moyo, ila hajasomea ualimu.

Tukilia, twamlilia gavana. Haya, lakini Katiba imempa gavana chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwalimu wa msingi na sekondari huajiriwa na TSC, kifungu cha 237. Kaunti yaweza kutoa basari vijana wa hapo wasomee ualimu, na Garissa chuo cha walimu kipo. Basi wakae meza moja: kaunti isomeshe, TSC iajiri. Na iwe kwa maandishi, si ahadi za jukwaani.

Na sisi je? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi nafasi kwenye bodi ya shule. Muulize mzee wako nani anakaa pale. Bodi iandike: somo gani halina mwalimu, tangu lini. Barua iende ofisi ya TSC ya kaunti, ipigwe muhuri, nakala mbaki nayo. Nyingine mpeni mbunge, maana pesa za kuajiri walimu hupitishwa Bungeni.