Chombo Kisicho na Ulimi



Kuna swali ambalo wapenzi wa muziki wa pwani hubishania mara nyingi barazani: je, mpiga udi asiyetamka hata neno moja aweza kusimulia habari? Wako wasemao kwamba hawezi. Kwao shairi ndilo lenye maana, na vyombo ni watumishi tu wa mwimbaji. Watu hao ndio ambao, taksimu inapopigwa kabla ya wimbo, huendelea kuzungumza na kuitisha kahawa, wakingoja mambo yaanze. Hotuba hii yawajibu, kwa heshima, kwamba mambo yalikuwa yamekwisha kuanza.

Kwanza yafaa kuondoa dhana moja. Mtu akiambiwa kwamba chombo cha muziki husema, aghalabu hukumbuka magogo ya Walokele wa Kongo, upande wa Kisangani, yaliyopeleka habari kijiji hata kijiji. Magogo hayo yalisema kweli, wala si kwa mfano. Katika Kilokele sauti ikiwa juu au chini, neno hubadilika maana. Gogo nalo lina sauti mbili, ya juu na ya chini, na mpigaji hufuata sauti za maneno yenyewe. Basi hiyo ni barua iliyoandikwa kwa fimbo, na asiyejua Kilokele hasomi kitu. Kiswahili hakina sauti za namna hiyo. Kwa hiyo mpiga udi wa Lamu au Mombasa hawezi kuficha maneno ndani ya nyuzi. Akisema, hana budi kusema kwa njia nyingine.

Wanafunzi wengi hudhani njia hiyo ni kuiga. Wakitaka kusimulia habari za mvua, hutafuta mlio wa mvua. Ni kweli kwamba hata mafundi wakubwa wameiga. Ludwig van Beethoven, mtunzi Mjerumani, alipotoa simfoni yake ya sita mjini Vienna mwaka 1808, aliweka ndani yake sauti za ndege watatu kwa filimbi, obo na klarineti, na baadaye dhoruba yenye ngoma zinazonguruma. Lakini yeye mwenyewe aliwaarifu wasikilizaji kwamba kazi ile ni ya kueleza hisia kuliko kuchora picha. Na ukisikiliza vizuri, utaona kwamba kinachotisha katika dhoruba ile si ngoma. Kabla yake wanavijiji wanacheza kwa furaha. Mchezo wao unakatizwa kabla haujamalizika, na nyuzi nzito zinaanza kutetemeka kwa sauti ndogo. Msikilizaji alitazamia jambo moja, likaja jingine. Hiyo ni hadithi tayari, wala hapana aliyesema neno.

Sasa turudi kwenye udi, ambao hauigi ndege wala mvua. Sanaa ya taksimu ilitoka nchi za Kiarabu, na katika visiwa na pwani yetu ilipata nyumba katika taarabu, ambayo chama chake cha Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905. Taksimu haina shairi, wala haina mapigo ya ngoma ya kuifunga. Mpigaji huchagua njia moja ya sauti katika zile ziitwazo maqam, kama vile rasti, bayati, hijazi au saba (hili la mwisho si hesabu, ni jina lake). Huanza chini, karibu na sauti ya kupumzikia, kama mtu anayebisha hodi. Hupiga kifungu kifupi, kisha hunyamaza. Kifungu cha pili hukumbusha cha kwanza lakini husogea mbele kidogo. Polepole hupanda, pengine hutoka katika njia yake na kuingia nyingine, na msikilizaji hujiuliza kama atapata njia ya kurudi. Mwisho huteremka hata kwenye sauti ile ya kupumzikia, na hapo ndipo watu huitikia kwa pamoja, kana kwamba walikuwa wamezuia pumzi. Mtu ametoka nyumbani, amepotea, amerudi. Nani alimwona? Hakuna, na kila mtu alifuatana naye.

Huzuni nayo ina mahali pake pa kukaa. Katika saba, sauti ya nne imeshushwa hata ikasongamana na ya tatu, na wimbo unapopita hapo ni kama koo lililobanwa na kilio. Udi hauna vigawanyo juu ya shingo yake, kwa hiyo kidole huteleza na kusimama mahali hasa panapotakiwa. Kinanda cha kawaida cha umeme hakiwezi hivyo, maana baadhi ya sauti za njia hizi zimo katikati ya vibao vyake. Viko vinanda vilivyotengenezwa ili kuzitoa, lakini mpigaji wa harusini ambaye hana kinanda cha namna hiyo huziruka tu, na watu hucheza bila kujua ni nini kilichoachwa. Taksimu yenyewe hufupishwa, au huondolewa kabisa, ili wimbo uanze upesi. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa yako majonzi ambayo hakuna mshairi aliyeyatungia beti.

Wala jambo hili si la pwani peke yake. Mpiga nyatiti wa Kijaluo huketi chini na chombo chake chenye nyuzi 8, amevaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu na njuga kifundoni. Pete hugonga ubao wa chombo huku vidole vikicheza nyuzini. Mtu mmoja amekuwa watatu. Huimba, naam, na katika matanga husifu marehemu kwa maneno. Lakini anaponyamaza na kuacha nyuzi na mguu viendelee, waombolezaji hawaachi kusikiliza. Kila mmoja hujaza pale jina la mtu wake.

Mwanafunzi anayetaka kujaribu hana haja ya udi wa bei kubwa, filimbi yatosha. Na achague wimbo unaojulikana nyumbani, aupige bila kuimba, kwanza upesi, kisha polepole, akiacha kimya baada ya kila kifungu. Halafu amwulize mzee aliyeketi karibu ni habari gani aliyoisikia mara ya kwanza, na ni ipi mara ya pili. Asimdokezee jibu.