Taa Moja au Mbili? Somo la Kipimo kwa Motokaa Ndogo

Wale mlioketi katika vikundi, kiongozi wa kikundi na aweke karibu naye rula, penseli na karatasi, kwa maana leo tutapiga hesabu.

Hapa mezani mbele yangu nina motokaa. Msistaajabu, inaenea katika kiganja cha mkono. Ni sanamu ndogo ya motokaa ya Kifaransa iitwayo Citroën 2CV, nayo imepakwa rangi ya kijivu. Wako watu wazima wengi duniani wanaokusanya sanamu za namna hii. Hawazinunui ziwe michezo ya watoto. Huziweka kabatini nyuma ya kioo, wakazitazama na kuzilinganisha. Mimi ni mmoja wao. Leo nitawaeleza jinsi sanamu hii ilivyonitia haya mbele ya wanafunzi wangu, na faida niliyoipata katika haya ile.

Kwanza tuijue motokaa yenyewe. Katika miaka ya 1930 wakulima wengi wa Ufaransa walikuwa bado wakienda sokoni kwa miguu au kwa magari ya kukokotwa na farasi. Bwana Pierre-Jules Boulanger, mmoja wa wakuu wa kampuni ya Citroën, aliwaagiza mafundi wake waunde motokaa rahisi kwa ajili ya watu hao. Ichukue wakulima wawili na kilo 50 za viazi. Iende mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Itumie lita 3 tu za petroli kwa kilomita 100. Tena iweze kupita katika shamba lililolimwa, ikiwa na kapu la mayai ndani, lisivunjike hata yai moja.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mafundi waliunda motokaa ya majaribio, wakaiendesha, wakaona makosa yake, wakaunda nyingine. Waliziita TPV, herufi tatu za maneno ya Kifaransa yenye maana ya motokaa ndogo sana. Kufika mwaka wa 1939 kazi ilikuwa imefika mbali, hata kundi la kwanza la magari 250 likapangwa. Mara vita vikaja. Tarehe 3 Septemba 1939 Ufaransa iliingia vitani, na maonyesho ya motokaa ya Paris ya mwaka ule hayakufanyika. Mwaka wa 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia nchini. Wakuu wa kampuni hawakutaka kazi yao ianguke mikononi mwa adui. Basi nyingi za TPV ziliharibiwa, na chache zikafichwa. Zilifichika kweli kweli, maana katikati ya miaka ya 1990 tatu zilionekana juu ya dari la ghala moja huko La Ferté-Vidame, mahali ambapo kampuni ilikuwa ikijaribia magari yake.

Motokaa hiyo ilitokea mbele ya watu katika maonyesho ya Paris ya Oktoba 1948. Walakini haikuwa ile ile ya 1939. Hapa nawaomba msikilize vizuri. TPV ya 1939 ilikuwa na taa moja tu mbele, upande wa dereva. Ile ya 1948 ilikuwa na taa mbili. TPV injini yake ilipozwa kwa maji. Ya 1948 ilipozwa kwa hewa. Bodi ya TPV ilikuwa ya madini mepesi ya jamii ya aluminiamu. Ya 1948 ilikuwa ya chuma. Wako walioicheka kwa umbo lake, lakini iliendelea kuundwa hata mwaka wa 1990, na jumla yake ilipita milioni 3 na laki 8.

Sasa tuje kwenye sanamu yangu. Niliinunua kwa muuzaji mmoja ambaye sitamtaja. Juu ya sanduku aliandika kwa mkono wake kwamba ni TPV ya mwaka 1939, na bei aliyotaka ilikuwa ya TPV, kwa kuwa kilicho adimu hupendwa na wakusanyaji. Aliniwekea mkononi akasema, "Sikia uzito wake, bwana. Hiki si kitu cha bandia." Nami nilisikia uzito, nikafurahi, nikalipa.

Jioni moja niliichukua nikaenda nayo kwenye darasa la watu wazima ili niwafundishe kipimo. Chini ya sanamu imeandikwa 1 kwa 43. Maana yake ni kwamba kila milimita 1 ya sanamu husimama badala ya milimita 43 za motokaa ya kweli. Hesabu hiyo ya 43 ilitokana na reli ndogo za michezo za Uingereza, ambako milimita 7 zilihesabiwa kuwa futi 1. Futi moja ina milimita 304.8. Gawanya kwa 7, utapata 43 na nusu hivi.

Basi tukapima. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hata katikati ya gurudumu la nyuma tulipata milimita 56. Tukazidisha kwa 43, jawabu likawa 2,408. Niliwaambia kwamba motokaa ya kweli ina mita 2.40, yaani milimita 2,400. Tofauti ya milimita 8 ni ndogo sana, kwa kuwa rula yetu haionyeshi sehemu za milimita. Wanafunzi wakapiga makofi. Nikawasimulia habari ya vita, na dari la ghala, na taa moja.

Hapo akasimama mzee mmoja, fundi seremala, mtu aliyekuwa amejifunza kusoma mwaka ule ule. Akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Umesema motokaa iliyofichwa ilikuwa na taa moja."

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee wangu."

Akasema, "Mbona hii ina mbili?"

Wasikilizaji wangu, nilitazama. Taa zilikuwa mbili. Sanamu ile ilikuwa nami nyumbani kwa muda wa mwezi mzima, nami nilikuwa najua habari ya taa moja, wala sikuzihesabu. Nilikuwa nimelipa bei ya TPV, nikapewa 2CV ya kawaida. Nilitaka kusema neno la kujitetea, lakini ulimi ulikuwa mzito. Mwisho nikasema, "Mzee, umeona sawa. Nimedanganywa, na leo nilikuwa karibu kuwadanganya ninyi." Yule mzee hakucheka. Alisema tu kwamba fundi hupima mara mbili, kisha hutazama kama ubao ni ule alioagizwa.

Neno la fundi yule ndilo somo letu la leo. Kila uonyeshwapo mfano wa kitu, yakupasa kuuliza maswali mawili. La kwanza: Je, kipimo chake ni sawa? La pili: Je, ni mfano wa kitu chenyewe kinachosemwa? Sanamu yangu ilishinda katika swali la kwanza, ikashindwa katika la pili. Kipimo kilikuwa cha kweli, na jina lilikuwa la uongo.

Na ule uzito je? Tuupigie hesabu pia. Kitu kikipunguzwa mara 43 kwa urefu, hupunguzwa vile vile kwa upana na kwa kimo. Basi zidisha 43 kwa 43, kisha kwa 43 tena, utapata 79,507. Motokaa ya 1948 ilikuwa na uzito wa karibu nusu tani, yaani gramu 500,000. Gawanya kwa 79,507: utapata gramu 6 na kidogo. Sanamu yangu ni nzito kupita hivyo mara nyingi, kwa sababu imesubiwa kwa madini mazito. Basi uzito ule niliousikia mkononi haukuthibitisha lolote.

Labda mwenzangu mmoja atasema, "Mimi sina haja ya motokaa za kabatini." Vema. Lakini ipo siku utaletewa ramani ya kiwanja ili utie sahihi. Ramani nayo ni mfano mdogo wa kitu kikubwa. Yaweza kuwa na kipimo safi kabisa, na kumbe kiwanja kilichochorwa si kile ulichoonyeshwa kwa macho. Pima kwa rula, kisha nenda ukahesabu mipaka, miti na njia, kama yule mzee alivyohesabu taa.

Sasa zoezi. La kwanza: motokaa ile ile yenye mita 2.40 kati ya magurudumu ikifanyiwa sanamu ya kipimo cha 1 kwa 18, nafasi hiyo itakuwa milimita ngapi? La pili: katika ramani ya nyumba ya kipimo cha 1 kwa 50, chumba kina urefu wa sentimita 8. Chumba cha kweli kina mita ngapi? Fanyeni wenyewe kwanza. Jawabu la kwanza ni milimita 133 na theluthi moja, na la pili ni mita 4.

Sanamu ile sikuirudisha. Ipo kabatini kwangu, na chini yake nimebandika karatasi yenye jina lake la kweli: 2CV, taa mbili. Kwa herini, mpaka somo lijalo.