Tuzunguke na watoto

Zaburi ya 48 inawaita watu wazunguke Sayuni, wahesabu minara yake, kisha wawasimulie watoto. Ni matembezi ya jamaa nzima. Ukuta ambao wageni wanauzunguka leo kule Yerusalemu, karibu kilometa 4, ni wa Sultani Suleiman, karne ya 16. Kuta za wafalme wa Yuda Wakaldayo walizibomoa. Basi baba aliyemwonyesha mtoto mawe peke yake, alimwambia nini katika njia ya uhamisho? Sisi tuliokimbia nyumba zetu tunalijua swali hilo. Usiku watoto wanatuuliza: tutarudi lini? Tarehe hatuna. Aliyetembea nasi barabarani tunamjua. Tuwasimulie habari zake leo, kabla hawajalala.