Taa ya Kamera Ikizimika

Mpiga picha za video hufunga kamera juu ya chombo chenye mota, picha zisitikisike, na taa hupata umeme hapo hapo. Bibi arusi anaingia, taa yazimika! Usikimbilie kununua nyingine. Kwanza ijaribu kwa waya mwingine na betri ya volti zile zile. Ikiwaka, taa ni nzima. Ugonjwa uko njiani. Irudishe, kisha pindapinda waya wake wa kwanza karibu na ncha. Hapo ndipo hukatika ndani, kwa kuwa chombo hugeukageuka nao, na ganda la nje lisionyeshe kitu. Taa ikipepesa, badili waya. Isipopepesa, soma volti: tundu la kawaida la USB hutoa 5, na taa ya volti 12 haiwaki hapo sawasawa.