Gugumaji na Maji ya Mto Zigi

Gugumaji, mmea unaoelea wenye asili ya bonde la mto Amazon huko Amerika ya Kusini, liliripotiwa nchini Tanzania mwaka 1955 katika Mto Zigi mkoani Tanga, na baadaye katika Mto Pangani, miongo kadhaa kabla halijaenea katika Ziwa Victoria. Zigi hushuka kutoka Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani, linalowapatia maji wakazi wa Jiji la Tanga, na kwa sababu hiyo kila kinachomwagwa kando ya vijito vya Amani, huko Usambara, huwahusu pia watu wa mjini.

Mmea huu hustawi kwa virutubisho, hasa nitrojeni na fosforasi, ambavyo mvua huvisomba kutoka katika mashamba yenye mbolea, mazizi na vyoo. Vikizidi majini, magugu na mwani huongezeka kwa kasi, huzuia mwanga, na yanapooza bakteria humaliza oksijeni ambayo samaki huihitaji. Kuyang'oa kwa mikono husaidia, lakini mbegu huweza kuishi matopeni kwa miaka mingi. Fukusi wa gugumaji, mdudu anayekula majani ya mmea huo, aliyetumiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, hufanya kazi polepole. Tiba ya kweli, ambayo kwa masikitiko ndiyo inayopuuzwa zaidi, ipo ukingoni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, ukanda ambao miti na nyasi zake hunasa udongo na mbolea kabla havijafika majini.