Kikombe au medali?

Maneno ya kamati ya michezo, yaliyosomwa mbele ya familia zilizohamishwa na vita na viongozi wao, Ruashi, Lubumbashi

Tunajua wengine mmefunga meza zenu za sokoni asubuhi hii, na saa mbili za soko si kitu kidogo kwa mtu anayekula anachouza.

Jambo lililotuleta mnalijua. Mashindano ya dame na kisolo yanakaribia, na kamati imegawanyika kwa swali ambalo mtu wa mbali akilisikia atacheka: mshindi apewe kikombe au apewe medali? Tumekaa vikao vitatu juu ya jambo hilo. Katika kikao cha pili mzee mmoja alikunja ubao wake, akamwaga vifuniko ndani ya kofia yake, akaenda nyumbani. Tukaona heri tuyalete maneno haya kwenu. Ubao ni wa wachezaji, lakini amani ya mtaa ni ya watu wote.

Tuanze na kukiri kosa letu. Mashindano ya kwanza tulinunua kikombe kimoja. Kilikuwa kikombe kirefu, cha rangi ya dhahabu, chenye mikono miwili, na tulikiweka juu ya meza siku nzima ili kila mtu akione. Mchezo ulikuwa mzuri. Vifuniko vya Simba upande mmoja, vya Tembo upande wa pili, na tafadhali msituulize nani alikunywa bia yenyewe. Mechi ya mwisho ilikuwa kati ya kijana wa wenyeji na baba mmoja aliyetoka upande wa Mitwaba. Yule baba alishinda. Wakapeana mikono, wakacheka pamoja. Wachezaji wenyewe hawakuwa na shida yoyote.

Shida ilianza kikombe kilipoondoka mezani. Watu wa upande ulioshinda walikibeba juu ya vichwa, wakapiga masufuria, wakazunguka avenyu mbili, halafu wakasimama mbele ya parsele ya kijana aliyeshindwa na kuimba nyimbo ambazo hatutazirudia hapa mbele ya mama zetu. Jiwe la kwanza hatujui lilitoka wapi. La pili lilimpata mtoto wa miaka sita juu ya jicho. Alishonwa. Jicho lilipona, Mungu asifiwe, na mtoto huyo leo yuko katikati yetu. Kovu lake lipo, na sisi wa kamati tukiliona tunajua lilitokana na nini. Tulikuwa tumeitisha michezo ili wenyeji na wageni wakae ubao mmoja, na tukawapa kitu cha kubebea matusi.

Wengine wanasema kosa halikuwa la kikombe, lilikuwa la watu. Ni kweli, lakini tukiangalia vizuri, kikombe kina tabia yake. Ni kimoja tu. Ni kikubwa, kinaonekana mbali, kinabebwa na wengi. Mtu mmoja anacheza dame, lakini kikombe kinashindwa na avenyu nzima, kabila zima, kijiji kizima. Ndiyo nguvu yake na ndiyo hatari yake. Medali inakaa juu ya kifua cha mtu mmoja. Huwezi kuandamana na medali ya mwenzako.

Sisi watu wa Lubumbashi tunajua vikombe. Timu yetu ya Mazembe, iliyoanzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto, ilileta kikombe cha mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, wakati ule ikiitwa Englebert. Wazee mnakumbuka kwamba kile cha 1967 kilikuja kwa njia ya ajabu: mechi mbili na Asante Kotoko ya Ghana zilikwisha sare, na ya tatu Kotoko hawakufika uwanjani. Kikombe kile kilikuwa na jina la Kwame Nkrumah, na sheria yake ilikuwa kwamba timu itakayoshinda mara tatu itabaki nacho milele. Englebert walifika fainali ya 1969 wakiwa wamebakiza ushindi mmoja tu. Wakashindwa na Ismaily ya Misri. Mwaka 1977 Hafia ya Conakry ilishinda mara ya tatu, ikakichukua, na ikabidi kitengenezwe kingine.

Tunalitaja hili kwa sababu wengi katika kamati walitaka sheria hiyo hiyo: atakayeshinda mara tatu, kikombe ni chake. Sisi tunasema hapana. Kikombe kikishapata mwenye nyumba, hadithi imekwisha kwa wengine wote.

Na tukumbuke pia mwaka 2010. Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kwenye mashindano ya vilabu vya dunia, ikaipiga Pachuca ya Meksiko, ikaipiga Internacional ya Brazili, ikafika fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Tarehe 18 Desemba ikafungwa 3-0 na Inter ya Milano. Kikombe kilikwenda Italia. Lakini ulizeni hapa Lubumbashi, hata wale wa Lupopo wakisema ukweli, kama kuna mtu anayeuona mwaka ule kuwa mwaka wa kushindwa. Watoto bado wanaruka kwa makalio kama Kidiaba. Nafasi ya pili inaweza kuwa na heshima kamili, ikiwa watu wataamua kuipa.

Hilo ndilo kikombe hakifanyi. Wa pili anarudi nyumbani mikono mitupu. Na mtu aliyekimbia nyumba yake, shamba lake, mbuzi wake, amekwisha kurudi mikono mitupu mara nyingi.

Wazee wa Kiluba watatusaidia hapa. Katika masimulizi ya kale, mfalme Nkongolo alicheza na mpwa wake, Kalala Ilunga, na mpwa akamshinda mjomba. Watu wakacheka. Mfalme hakuweza kuvumilia kicheko kile. Akachimba shimo, akalitandikia mkeka, akamwita kijana acheze ngoma juu yake. Kijana aliponea kwa sababu mpiga ngoma alimwonya. Masimulizi yanatofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, lakini hakuna anayesema kwamba mchezo wenyewe ulikuwa mbaya. Kilichozaa vita ni aibu ya aliyeshindwa mbele ya watu.

Basi mashindano ya pili tulitoa medali. Tatu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapakuwa na maandamano. Hapakuwa na jiwe. Lakini tusiwadanganye, hapakuwa na furaha nyingi pia. Zilikuwa medali za dukani, za bati jepesi lililopakwa rangi, na rangi ilianza kutoka kabla ya mvua za kwanza. Kijana wa kwanza aliiuza yake kwa mikate. Hatumlaumu, tumbo halisomi maandishi. Wa pili hatujui aliipeleka wapi. Lakini mama aliyechukua nafasi ya tatu katika kisolo aliiweka ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karti yake ya kura na karatasi za watoto. Familia yake ilipohamishwa tena, alitoka na mfuko ule. Kikombe hakingeingia ndani yake. Sisi tunaoishi tukijiuliza tutalala wapi mwezi ujao, tupime zawadi hivi: mtu akiambiwa aondoke usiku, anaweza kuibeba?

Kikombe kile cha kwanza kilikwenda wapi? Kilikaa nyumbani kwa kiongozi mmoja. Watu wakasema anakinywea. Yeye akasema hanywi. Vijiji vyao vilipotulia aliondoka na familia yake, na nusu ya mtaa ikaapa kwamba amekiiba. Kumbe alikuwa amemwachia jirani yake, mama mwenyeji, ambaye alikificha chini ya kitanda kwa kuogopa maneno. Angalieni: mgeni alimwamini mwenyeji, na mwenyeji alitunza amana, na sisi wote tulikuwa tunatukana mtu asiyekuwepo.

Sasa tuje kwenye shaba, kwa sababu hapa ndipo kamati ilianza kukubaliana.

Kwenye redio tunasikia medali ya dhahabu, ya fedha, ya shaba, na shaba ndiyo ya mwisho. Lakini huku kwetu shaba si ya mwisho. Mkoa mzima uliitwa Shaba kutoka 1971 hadi 1997. Babu zetu waliiyeyusha na kuimimina katika umbo la msalaba, na misalaba ile ilikuwa mali na mahari kabla ya noti yoyote. Na ile medali ya mashindano makubwa inayoitwa ya shaba kwa kawaida ni shaba iliyochanganywa na bati. Shaba ni ya huku, bati ilichimbwa Manono. Ndugu zetu mliotoka Manono, medali ya tatu ya dunia ni ndoa ya kwenu na kwetu! Hata ile ya dhahabu ya Olimpiki, sehemu kubwa yake ni fedha iliyopakwa dhahabu juu.

Mjini kwetu kuna mafundi wa shaba ya kugonga. Mnawaona: wanachukua bamba jembamba, wanaligonga kwa nyundo na patasi kutoka nyuma mpaka sura inatokeza mbele, halafu wanalisugua ling'ae. Tumeongea na mmoja wao. Anaweza kutukatia medali ndogo ndogo, kila moja na alama ya ubao wa dame au mashimo ya kisolo, na jina la mchezaji. Shaba ikichafuka, ndimu na chumvi zinairudisha. Rangi haitatoka kwa sababu hakuna rangi. Na fedha itabaki mtaani, badala ya kwenda kwa mwenye duka aliyeagiza mzigo kutoka mbali.

Tahadhari moja tu. Mnajua jinsi nyaya za umeme zinavyopotea mji huu. Bamba litakaponunuliwa, fundi atatuonyesha karatasi yake. Hatutavisha watoto wetu mali ya wizi kwa jina la amani.

Mama mmoja alituuliza katika kikao cha tatu: kwa nini medali, kwa nini si unga? Swali hili lilitunyamazisha. Mtu anayekosa bukari, shaba atapika? Tulimjibu kwa habari ya Katwe, mtaa maskini wa Kampala. Mwalimu Robert Katende alifundisha watoto sataranji pale, na wengi walikuja kwanza kwa sababu ya uji. Kikombe chao cha kwanza kilikuwa cha uji, kama mnavyoona. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji kule Urusi mwaka 2010, tena Istanbul mwaka 2012. Basi tumekubaliana na yule mama. Uji utapikwa kwa wote, kwa aliyeshinda na aliyeshindwa na aliyekuja kutazama. Lakini unga hautakuwa zawadi. Tukimpa mshindi unga, tumemnyima aliyeshindwa chakula mbele ya watoto wake, na hiyo ni mbaya kuliko kikombe.

Jambo lingine: heshima isicheleweshwe. Baba Sy wa Senegal alikuwa mchezaji wa dame asiye na mfano. Mechi yake ya ubingwa wa dunia haikufanyika, na jina la bingwa alipewa mwaka 1986, miaka 8 baada ya kufa kwake. Medali zetu zitavikwa siku ile ile, ubao ukiwa bado una joto, na atakayemvika mshindi ni yule aliyemshinda katika fainali. Naye mshindi atamvika mwenzake ya pili. Tumejaribu jambo hili katika mazoezi. Ni vigumu kumtukana mtu uliyeinama mbele yake akuvike.

Tunaomba pia tucheze wawili wawili, mwenyeji mmoja na mgeni mmoja kila upande, wakipokezana kusogeza kifuniko. Wazee wa dame hawapendi, wanasema si dame tena. Labda wana haki. Watacheza peke yao siku ya Jumamosi, na wawili wawili siku ya Jumapili baada ya ibada.

Na kikombe? Wengine tulitaka kukitupa. Wengi wamesema kibaki, lakini kisiwe cha mshindi. Kitakaa mwezi mmoja mmoja katika kila kitalu, kwa mtu aliyechaguliwa na kitalu jirani, si na watu wake. Hakuna mara tatu, hakuna milele. Tunajua kuna ambao hawajaridhika, hata ndani ya kamati, na mzee wa ubao bado hajarudi. Leo jioni tutamfuata nyumbani kwake.

Kikombe kiko hapa mezani. Yule mama alikirudisha jana usiku, kimefungwa ndani ya kitenge. Mkono mmoja ulivunjika, umeshikwa na waya. Viongozi wa vitalu, tunawaomba mtuletee majina ya wachezaji kabla ya Alhamisi, na jina la yule wa kitalu jirani mtakayemkabidhi kikombe hiki mwezi wa kwanza.