Mbebaji wa Nne

Yule mwenye kupooza katika Injili ya Marko alibebwa na watu wanne. Mwaka 2011 chuo cha tiba cha Baylor cha Marekani, wafadhili na Serikali yetu walifungua Mbeya na Mwanza vituo vya kuwatunza watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hao tuwahesabu wabebaji watatu. Huku kwetu Mtwara, mbali na vituo hivyo, dawa zipo Ligula.

Wa nne yu wapi? Kichanga wa Msimbati, karibu na mlango wa Ruvuma, hutolewa matone ya damu kisiginoni akiwa na majuma sita. Bila dawa, nusu ya walioambukizwa hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Lakini mama yake anaogopa kufuata majibu, maana sisi majirani tunazihesabu safari zake.